Naomba ushauri: majibu yanasema nina HPV aina ya 16, mume wangu anauliza nimeitoa wapi

BintiSalama:
Habari zenu wapendwa. Nina miaka 36, binti yangu mkubwa ana 11. Nilipima mlango wa kizazi kwa kuwa mhudumu alinisisitizia tu, sina dalili yoyote. Majibu yametoka: nina kirusi kiitwacho HPV, aina ya 16, na nimeandikiwa nirudi kwa kolposkopi, yaani kuchunguzwa mlango wa kizazi kwa darubini. Mume wangu kaisoma ile karatasi, akatafuta mtandaoni, akakuta inaambukizwa kwa ngono. Tangu hapo hatusemeshani. Sijawahi kutoka nje ya ndoa, na naamini hata yeye hajatoka. Je, hii ndiyo saratani yenyewe? Imetoka wapi? Na huyu binti nimpeleke akachanjwe, au bado mdogo? Nawaomba msinitanie, silali.

Mkweli_Daima:
Pole dada. Ila tusidanganyane, ugonjwa wa ngono hauji na upepo. Mmoja wenu anajua.

NesiMstaafu:
Mkweli, si kweli, na maneno kama hayo yanavunja ndoa za watu bure. HPV inaweza kujificha mwilini miaka mingi, hata kipimo kisiione, halafu ikajitokeza. Kipimo kinasema kirusi kipo leo. Hakisemi kiliingia lini wala kilitoka kwa nani. Watu wengi walioanza kujamiiana hukipata wakati fulani, na mwenza mmoja tu anatosha. Mwonyeshe shemeji hapa.

Kuhusu saratani: hapana mdogo wangu, karatasi hiyo inasema una kirusi, haisemi una saratani. Aina za HPV ni zaidi ya 200 na nyingi hazina madhara makubwa. Takriban maambukizi 9 kati ya 10 huondolewa na kinga ya mwili ndani ya miaka 2 hivi. Yanayong'ang'ania ndiyo ya kuogopwa, na hapo aina ya 16 inaongoza. Hiyo na ya 18 husababisha karibu asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi. Aliyezigundua ni Harald zur Hausen wa Ujerumani pamoja na wenzake, mwaka 1983 na 1984, wakati wataalamu wengi wakishuku kirusi cha herpesi. Mwaka 2008 alipewa Tuzo ya Nobel.

Kirusi hiki hutengeneza protini mbili, E6 na E7. E6 huiharibu p53, protini inayosimamisha seli yenye hitilafu au kuifanya ife. E7 huizuia Rb, ambayo ni breki ya seli kugawanyika. Breki ikikatika seli huzaliana ovyo na hitilafu zinarundikana. Ila mpaka ifike saratani, kwa mwanamke mwenye kinga nzuri, huwa ni miaka 15 hadi 20. Ndiyo maana wanakuita sasa. Usiahirishe hata kidogo.

ShogaWaPwani:
Shoga, mimi nimepitia kolposkopi. Unalala chali miguu imepanuliwa, wanaingiza kile chombo cha kufungulia njia, kisha wanapaka maji ya siki hafifu. Panapogeuka peupe ndipo wanapopachunguza, kwa darubini inayobaki nje ya mwili. Mimi walinikata kinyama kidogo cha kupima. Iliuma kama tumbo la hedhi, nikavaa pedi, nikarudi nyumbani kwa miguu yangu. Wakikuta mabadiliko huwa wanagandisha au wanakata kwa waya wa umeme. Na kama hujapima VVU karibuni, pima: mwenye VVU hatari yake ya saratani hii ni kama mara 6 ya asiye navyo.

BabaMabinti:
Binti wa miaka 11 yuko kwenye umri wenyewe. Shirika la Afya Duniani linalenga wasichana wa miaka 9 hadi 14, na tangu 2022 linakubali hata dozi moja. Chanjo haiondoi kirusi kilichokwisha kuingia, kwa hiyo inafaa itangulie. Ndani yake hakuna kirusi hai, ni protini ya ganda lake tu. Uingereza walifuatilia waliochanjwa wakiwa na miaka 12 na 13, na utafiti wa 2021 ukaonyesha saratani hii imepungua kwa asilimia 87 kwao. Wangu wote nimewapeleka.

BintiSalama:
Mungu awabariki. Nimempa simu asome mwenyewe. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza kama na yeye apimwe.

NesiMstaafu:
Mwanaume asiye na dalili hapimwi HPV kwa kawaida, na dawa ya kuua kirusi chenyewe hakuna. Ila aina ya 16 husababisha pia saratani ya koo, ya uume na ya njia ya haja kubwa, hivyo akiona kidonda kisichopona au uvimbe wa shingo usioisha, amwone daktari. Kondomu inapunguza maambukizi, haiyazuii yote, maana kirusi hupita kwenye ngozi. Siku ya kolposkopi mwende wote wawili, na maswali yake ayaandike kabisa. Binti naye, hata akichanjwa, akifika umri wa kupima atapima.