Nimepewa kazi ya kuandika historia ya chama chetu cha mazingaombwe, naanzia wapi wakuu?

Karata53:
Wakuu habari zenu. Kikao kilichopita mwenyekiti wetu karopoka eti historia ya chama lazima iandikwe kabla wazee hawajaisha, wote wakanigeukia mimi kisa nina kompyuta. Nimekabidhiwa boksi la madaftari basi. Jana usiku nimelifungua, mihtasari ya vikao imeandikwa kwa peni za kila rangi, kurasa nyingine zimeshikana kwa nta ya mshumaa, halafu kuna ukurasa mmoja katibu wa enzi hizo kaandika mstari mmoja tu: "Kikao kimefungwa kabla ya wakati, njiwa amepotea." Ukifunua unaofuata ni miezi 4 mbele na hakuna neno lolote kuhusu njiwa.

Maswali yangu mawili. Kwanza hivi vyama vilianzaje huko duniani, maana mi bado sielewi mtu anayekula kwa siri zake anakaaje chumba kimoja na watu wa ridhaa na kuwafungulia mkoba. Pili humo ndani kuna ugomvi, kuna mtu kafukuzwa, kuna mengi ya aibu, niyaandike au niyapite kimya kimya?

MzeeWaKofia:
Mkuu hongera kwa mzigo. Ukifuatilia vyama vikubwa utaona wa ridhaa hawakukaribishwa baadaye, walikuwepo tangu siku ya kwanza. Kile cha Marekani, Society of American Magicians, kilianza 1902 New York kwenye chumba cha nyuma cha duka la Martinka lililokuwa linauza vifaa vya mazingaombwe, na rais wake wa kwanza W. Golden Mortimer alikuwa daktari, yaani aliwahi kupanda jukwaani kisha akaingia kwenye udaktari. Unaona? Duka ndo lilikuwa kijiwe, umeenda kununua karata unamkuta fulani, mnaanza kuonyeshana, mwenye duka anataka kufunga nyie bado mpo, mwisho mnaona bora tuwe chama.

London nao 1905 watu 23, wa ridhaa na wa kulipwa wamechanganyika, walikutana mgahawa wa Pinoli's wakaanzisha The Magic Circle. Jina lenyewe lina kisa chake. Kulikuwa na kijana Martin Chapender, mkali kweli, alikuwa amefariki karibuni tu akiwa na miaka 25, wakataka chama kiitwe kwa jina lake, baadaye wakakubaliana na Magic Circle kwa sababu herufi za mwanzo ni zile zile M na C. Kwa hiyo mpaka leo marehemu yumo ndani ya jina na wengi hawajui. Na nyie hapo ulizeni jina lenu lilitoka wapi, mara nyingi historia imejificha hapo.

SarafuMbili:
Mi nataka kujua ya njiwa kwanza hayo mengine baadaye 😂

KiganjaKitupu:
Ngoja nimjibu mtoa mada kwenye hilo la mkoba, mimi nalipwa kwa kazi hii kwa hiyo naongea kwa mdomo wangu. Watu wanadhani tunaenda kikaoni kugawa siri. Siri nyingi ziko vitabuni miaka na miaka, mtu akitaka atazisoma. Unachokifuata kikaoni ni jicho la mwenzako. Nilipoanza nilikuwa nafanyia mazoezi kwenye kioo, sarafu iko kati ya vidole, mkono wa kushoto unajifanya umeipokea kumbe imebaki kulia imebanwa na nyama ya chini ya kidole gumba, kwenye kioo naona safi kabisa. Siku moja nikamwonyesha mzee mmoja wa ridhaa, kazi yake ilikuwa karani tu wa kawaida, akatazama mara tatu kimya kisha akasema "kijana, unafumba macho." Kumbe kila ninapoiba sarafu nafumba macho sekunde hiyo hiyo, ndo maana kwenye kioo sijawahi kuiona! Nilikuwa najidanganya mwenyewe kabla ya kudanganya watu. Akaongeza kwamba kidole changu kidogo kimesimama kama kinaita teksi. Hayo mawili yamenilisha mpaka leo na yametoka kwa mtu ambaye hajawahi kulipwa hata senti kwa shoo.

Na mtu wa ridhaa ana kitu sisi hatuna, muda. Mimi nina vitu vinane vinavyolipa navirudia kila wiki, yeye anakaa miezi sita na hila moja ya karata bila kuwaza bili. Ila tusidanganyane, kero nazo zipo, kuna wanaokuja kuchukua tu, na kuna wanaokubali shoo kwa bei ya bure na kutuharibia soko. Kwenye madaftari yako hilo utalikuta, nakuhakikishia.

MzeeWaKofia:
Umenena mkuu. Niongezee kidogo, Houdini, yule mwanamazingaombwe maarufu wa kujifungua pingu na minyororo, alikuwa rais wa kile chama cha Marekani tangu 1917 hadi alipofariki 1926, na huyo hakuwa rais wa kukaa ofisini, mji alioenda kufanya shoo anawatafuta wanamazingaombwe wa pale na kuwashawishi wajiunge wawe tawi. Kwenye mazishi yake ndo ilifanyika ile ibada ya kuvunja fimbo, fimbo ya mazingaombwe inavunjwa vipande viwili maana mwenyewe hayupo tena. Vyama vingi bado vinafanya hivyo mwanachama akifariki.

Halafu kuna International Brotherhood of Magicians, hiki kilianza 1922 kwa barua. Len Vintus alikuwa Winnipeg huko Kanada, wenzake wawili wako Marekani, wakawa wanaandikiana. Ni grupu la WhatsApp lile, tofauti ni stempu. Matawi yao yanaitwa pete, kila pete na namba yake. Karata53 angalia kama kwenye mihtasari kuna namba ya ajabu ajabu imeandikwa pembeni, inaweza kuwa mliwahi kuwa chini ya chama kikubwa na mmesahau.

BintiKarata:
Naomba nijibu la pili. Kaka andika, usifunike. The Magic Circle walikuwa hawapokei wanawake mpaka 1991. Sasa Sophie Lloyd akavaa wigi, akavaa glavu kuficha mikono, akaingia kwenye mtihani wao kama mwanaume anaitwa Raymond Lloyd, akafaulu! Waliporuhusu wanawake mwaka huo huo akajitokeza kusema jamani Raymond ni mimi, wakamfukuza kwa kosa la udanganyifu. Yaani chama cha watu ambao kazi yao ni kudanganya wamemfukuza aliyewadanganya vizuri kuliko wote 😭 Imepita miaka zaidi ya 30 mpaka 2025 ndo wakamrudisha. Kwa hiyo hiyo aibu ndo kisa kinachosimuliwa kuliko vyote vyao, wangekificha tungekosa. Tena tafuta majina ya wanawake kwenye madaftari yako, usishangae ukakuta yameandikwa "msaidizi wa fulani" na yeye ndo anajikunja ndani ya sanduku huku fulani anapigiwa makofi.

Karata53:
Asanteni sana aisee. Dada umenigusa, nimerudi kwenye orodha ya ada nimekuta "msaidizi" watatu hawana majina, na wamelipa ada kamili.

Sasa ya njiwa, SarafuMbili kaa vizuri. Kama nilivyosema baada ya pale hakuna kikao miezi 4, na kikao cha kwanza baada ya hapo ajenda ni "kuaminiana kati ya wa kulipwa na wa ridhaa". Njiwa alikuwa wa jamaa wa kulipwa, akawa na uhakika wa ridhaa wamemwibia, akasusa na wenzake wakamfuata. Nikaona mwandiko wa ule mstari naufahamu, nikampigia simu huyo katibu aliyeuandika. Kaguna mpaka nikadhani simu imekatika. Kumbe jamaa alipotoka nje kidogo, katibu akaona ajaribu na yeye kumpakia njiwa ndani ya koti, akampakia vizuri tu ila kumtoa akashindwa, mwenye njiwa akarudi, na njiwa akiwa gizani anatulia huwezi kumsikia. Kwa hiyo aliandika "njiwa amepotea" huku njiwa yupo kwapani mwake! Akaenda naye nyumbani, akaona aibu kurudisha.

Na huyo katibu ndo mwenyekiti wetu wa sasa, yule yule aliyeropoka historia iandikwe. Kaniambia nisubiri kwanza ampigie mwenye njiwa.