Naomba ushauri: kompyuta ya injini kwa Runx ninayotaka kuifunga turbo
Wakuu, habari za kazi. Nina Toyota Runx, injini 1NZ-FE, gia za manyuo (manual). Nataka kuifunga turbo ndogo (pampu inayosukuma hewa zaidi kwenye injini), presha ya hewa isizidi bar 0.4. Mgandamizo wa kiwandani ni 10.5:1, ambao ni mkubwa kwa turbo, hivyo naogopa sana injini kugonga (mchanganyiko kulipuka wenyewe ndani ya silinda) na kutoboa pistoni.

Fundi mmoja anashauri nibaki na kompyuta ya kiwandani ya gari, niongeze kifaa cha kudanganya sensa ya hewa. Ni nafuu, lakini nikifunga nozeli kubwa za mafuta kisha sensa isome hewa pungufu, kompyuta itaona mzigo mdogo na kuwahisha cheche, wakati turbo inataka icheleweshwe. Mwingine anasema niweke kompyuta inayojitegemea, ambayo unaiseti mwenyewe, kama Haltech au MegaSquirt.

Mliowahi kufanya hivi, mlitumia ipi? VVT-i (mfumo wa Toyota wa kubadili muda wa vali kufunguka) iliendelea kufanya kazi? Na hapa Dar, nani anaseti kwa kupima mchanganyiko wa hewa na mafuta, siyo kwa masikio?