MREJESHO: Habari za Krismasi kwa wajukuu walio mbali

Ndugu zangu, mwezi Novemba niliuliza hapa nifanyeje ili wajukuu wangu, wengine Dar na wawili Marekani, wapate habari za Krismasi ya huku Marangu, Kilimanjaro, pamoja na mambo ya imani ninayotaka wayasikie kutoka kinywani mwangu ningali hai. Mlionijibu, asanteni sana, Mungu awabariki.

Barua ya kurasa nne haikusaidia. Walijibu "asante babu", basi. Aliyenishauri nirekodi sauti isiyozidi dakika mbili ndiye aliyenitoa. Nilituma kila jioni wiki nzima: nani kabatizwa, mbuzi alivyochinjwa, ndizi zilivyozaa.

Kilichowagusa hasa ni sale, jani la mmea ambalo kwetu ni ishara ya amani. Nilikata jani bichi kihambani, yaani kwenye shamba letu la migomba, nikalifunga fundo, nikawapigia picha. Nikawaeleza kwamba kwetu Wachaga ukimpelekea mtu sale umemwomba msamaha, na kulikataa ni jambo zito. Nikawaambia wazi kwamba mimi na mdogo wangu tuligombania mpaka wa shamba, tukanuniana miaka sita, hadi nilipomfuata na jani kama hilo. Jumapili yake tulikaa benchi moja kanisani. Mjukuu wangu wa kike aliye Marekani alipiga simu usiku uleule, tukaongea karibu saa nzima.

Kusoma Luka 2 pamoja kwa video kulishindikana, mtandao ulikatakata. Na mjukuu mmoja bado hajajibu lolote. Namwombea, na sauti naendelea kumtumia.