Gari linavuma kuanzia spidi 60

Wakuu, foo wili yangu inavuma "vuuuu" ikifika 60, na sauti inapanda na mwendo. Nilianza kuisikia nikitoka Newala na magunia ya korosho. Fundi hapa Mtwara anataka kushusha difu, ile gia ya ekseli inayogawa nguvu kwa magurudumu. Roho inaniuma, ndilo gari linalotulisha.

— Usikubali bado, kaka. Barabara ikiwa tupu, weka nyutro (gia huru) gari likiwa mwendoni. Mvumo ukibaki vilevile, injini haihusiki. Kisha yumbisha kidogo kushoto: mvumo ukizidi, shuku beringi (kinachoshika gurudumu lizunguke laini) ya gurudumu la kulia, maana ndiyo inayobeba uzito.

— Pitisha na kiganja kwenye tairi. Zikiliwa mawimbimawimbi huvuma hivyohivyo.

— Nimejaribu njia ya Mikindani. Umezidi nikikata kushoto! Nimepiga jeki: gurudumu la mbele kulia linacheza, ukilizungusha linakwaruza. Kesho nabadilisha beringi. Asanteni mno.