Karatasi za kura 2027: zabuni ya wazi, kumpa mmoja moja kwa moja bila zabuni, au tuchapishe hapa Kenya?

Nax_Mtulivu: Wakuu, IEBC, tume yetu ya uchaguzi, ikitafuta mchapishaji, njia ipi ina nafuu? Mwaka 2022 tulikuwa wapiga kura milioni 22.1, kila mmoja karatasi sita. Hizo ni zaidi ya milioni 132. Ongeza senti hamsini tu kwa karatasi, milioni 66 zimeenda.

Karani_Zabuni: Kifungu cha 227 cha Katiba kinataka ushindani na uwazi. Adui ni kalenda. 2017 zabuni ilifutwa kortini Februari, mwishowe tume ikaipa Al Ghurair ya Dubai kazi moja kwa moja. Julai 7 Mahakama Kuu ikafuta ile ya kura za urais, Julai 20 Rufaa ikairudisha, na uchaguzi ni Agosti 8! Hapo utabishana bei na nani? Muuzaji anajua huna pa kwenda.

BintiKisauni: Bei rahisi nayo ina mambo yake. Mombasa na Kakamega tulisubiri hadi Agosti 29, 2022 kuchagua gavana kwa sababu karatasi zilikosewa. Vituo vifunguliwe upya, makarani walipwe tena. Hiyo iko kwenye bei ya nani?

Fundi_Pleti: Mnahesabu karatasi, mimi nahesabu miundo. Rais 1, kaunti 47 mara tatu (gavana, seneta, mwakilishi wa wanawake), maeneobunge 290, wadi 1,450: jumla 1,882 tofauti. Kila mmoja na pleti zake (bamba za kuchapia), picha zake, namba kwenye kishina (kipande kinachobaki kitabuni karatasi ikichanwa), kisha kupangwa kwa kituo. Makosa huzaliwa hapo. Hapa Nairobi mashine zipo. Kinachokosekana ni mwanasiasa atakayekubali zichapishwe alikoshindwa kuweka mlinzi.

Nax_Mtulivu: Kwa hiyo zabuni ya wazi?

Karani_Zabuni: Wazi pekee haitoshi. Kampuni ya uchapishaji ya Smith & Ouzman ya Uingereza ilipatikana na hatia 2014 kwa kuwahonga maafisa wa Kenya na Mauritania. Hongo waliiita "kuku". Unadhani kuku alilipiwa na nani?

BintiKisauni: Sisi 😅

Fundi_Pleti: Mimi ningefuata mtindo wa IEBC wa 2021: mkataba wa miaka mitatu, bei ya kila karatasi ifungwe mapema, idadi na majina yajazwe wagombea wakishaidhinishwa. Kesi ziishe mwaka mmoja kabla. Na sampuli ya kila wadi isainiwe na wagombea wenyewe kabla pleti haijachomwa.

Karani_Zabuni: Wagombea wa wadi ni maelfu, bro. Nani atawakusanya?

Fundi_Pleti: Msimamizi wa uchaguzi wa eneobunge. Wanakuja kwake kuidhinishwa, si waangalie na picha zao hapo hapo?