"Wali wa Kyela" kwenye mfuko: Mwarabu ataelewa nini?

MpungaKyela: Wakuu, kikundi chetu kinakoboa mpunga hapa Kyela na kinataka kuchapa mifuko ya kilo 5 yenye jina "Wali wa Kyela". Mingine itauzwa Mbeya mjini, mingine itavuka Kasumulu kwenda Malawi, na kuna mnunuzi wa Oman. "Wali" lina maana nyingine huko?

Kamusi_Iringa: Oman lina maana, tena kubwa: wali ni mkuu wa wilaya. Sisi tulilipokea kama "liwali", ile "li" mwanzoni ni mabaki ya "al". Mkiliandika kwa herufi za Kiarabu ni wau, alifu, lamu, yee. Mchapaji akiisahau alifu, linageuka walii, mtu wa Mungu. Mfuko utasomeka "Walii wa Kyela"! Upande wa Kiarabu tumieni neno lao la mchele, "aruzz", kisha Kyela.

Tunduma255: Malawi angalieni neno "mpunga" zaidi. Hili ni la ukoo mmoja na letu, halikufanana kwa bahati, na ndiyo maana linadanganya. Kichewa hulitumia hata kwa mchele na wali. Mteja wa Karonga akiagiza "mpunga tani 2", muulize kwanza: wenye maganda au uliokobolewa? Bei na uzito vinatofautiana sana.

MpungaKyela: Shukrani wakuu. Na maneno kama hili "wali", yanayofanana bila undugu, yanatoka wapi?

Kamusi_Iringa: Hesabu tu. Tuseme lugha ina silabi 75 za konsonanti na irabu. Maneno ya silabi mbili yatakuwa na maumbo 5,625 basi, na Kijapani nacho kinapenda silabi za namna hiyo. Lazima yagongane: "mimi" kwao ni sikio, "saba" ni samaki jamii ya vibua. Kifini "sana" ni neno. Kijojia "mama" ni baba, hapo utacheka.

Mkikagua jina, msiiachie programu ya tafsiri ikisie lugha. Neno fupi huipoteza. Chagueni lugha wenyewe, moja moja. Kisha mtafuteni mzungumzaji, mtamkieni bila kumwonyesha maandishi, maana Kiarabu hakina "p": "Papa" huandikwa "baba". Mwisho, nendeni BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kabla ya kuchapa. Alama ya biashara ikisajiliwa hudumu miaka 7, halafu huhuishwa kwa miaka 10.

Tunduma255: Na chapeni mifuko michache ya sampuli kwanza. Mnunuzi wa Oman aisome yeye.