Njiti anapimwaje mapafu na hawezi kupuliza?

Mama Wawili:
Wakuu habari za jioni, naombeni mwenye uelewa. Mdogo wangu kajifungua njiti wa wiki 31, yuko kwenye CPAP, mashine ya kumsukumia hewa puani, ile ya chupa ya maji yenye mapovu. Sasa mwanangu wa kwanza ana pumu na kliniki anapulizishwa kifaa daktari anasoma namba ndo anajua dawa iongezwe au la, huyu kichanga naskia manesi wanamfunua tu kifua wanamtazama wanaandika wanaondoka. Ndo kipimo chenyewe au mashine hamna??

Nesi wa zamu:
Hongereni dada, na poleni. Ndo chenyewe hicho. Kupuliza kunataka mtu aelekezwe "vuta hewa mpaka mwisho haya puliza", hata wa miaka minne anasumbua sembuse kichanga. Wanaangalia kifua na tumbo vinapanda pamoja au vinapishana, katikati ya mbavu panabonyea, chini ya kidari panazama, pua zinatanuka, anaguna akitoa pumzi. Kila kimoja kinapewa alama 0 mpaka 2, jumla ikifika 10 hali mbaya kabisa. Inaitwa Silverman, ya tangu 1956 na haitaki umeme 😀

Kijana wa Maabara:
Aulize pia yuko kwenye oksijeni asilimia ngapi, hewa ya kawaida ni 21. Akihitaji zaidi ya 30 huku yuko kwenye CPAP ili kile kipimo cha oksijeni ya damu cha mguuni kisome 90 mpaka 95 ujue mapafu bado magumu, Ulaya hapo ndo wanampa safaktanti, ule utelezi unaozuia vifuko vya hewa visinate. Na msidai isome 100, oksijeni ikizidi kwa njiti inaweza kuharibu macho.

Babaake Junior:
Wenzetu wana mashine za kupima kabisa, acheni kutetea shida.

Nesi wa zamu:
Zipo mkuu, ventileta (mashine ya kupumulia) yenye sensa inasoma kila pumzi mililita ngapi, wanalenga kama 4 mpaka 6 kwa kilo, yani kwa mtoto wa kilo moja ni kijiko cha chai, ukipitiliza pafu linaumia. Ila hiyo ni ya aliyewekewa mpira kooni, huyu anapumua mwenyewe. Mama Wawili, akianza kuguna au mbavu zikibonyea kuliko asubuhi mwambie aite nesi hapohapo.

Mama Wawili:
Nimempigia, yuko oksijeni asilimia 25 na haguni. Ila vile vipira vya CPAP vya puani vimemchubua, kawaida?

Nesi wa zamu:
Hutokea ila si ya kuacha. Awaambie leo leo waangalie saizi, vinambana.